Acheni Kuumwagia Mkeka wa Mbao Dawa ya Choo

Mkeka wa mbao umeingia katika nyumba nyingi za kupanga mjini Masii, Ukambani, na umeingia na imani yake. Imani hiyo utaisikia bombani, saluni, kwa keateka wa ploti, na hata kwa muuzaji aliyekukatia mkeka wenyewe: hakuna doa lisilotoka. Doa likikataa kutoka, dawa yako ni hafifu au mkono wako ni mvivu. Ongeza Jik. Jik ikishindwa, mimina Harpic. Harpic ikishindwa, kuna mafuta taa, kuna thina ya rangi, kuna waya wa kusugulia sufuria.

Ninaipinga imani hii kwa sababu inaharibu sakafu ambazo watu wamejinyima kuzinunua, inadhuru mapafu ya wanaozisafisha, na inamtwisha mpangaji na mfanyakazi wa nyumbani lawama zisizo zao. Lakini kabla ya kuipinga, tuieleze kwa haki, maana hawaiamini kwa ujinga.

Wanaoishikilia wana sababu zao. Jik imerudishia weupe mashati ya shule ya vizazi viwili. Waya na jivu vimeng'arisha sufuria zilizokolea masizi. Sakafu ya saruji tuliyoizoea ilisuguliwa kwa brashi ngumu na haikulalamika. Muuzaji naye ameapa kuwa mkeka hauingizi maji, kwa hiyo mtu anauliza: kama maji hayapiti, dawa itadhuru wapi? Kisha kuna suala la maji yenyewe. Ukambani maji hununuliwa kwa mtungi wa lita 20, na mama aliyebakiwa na mtungi mmoja jioni ana haki ya kutaka dawa itakayomaliza kazi kwa mkupuo mmoja. Hizo ndizo hoja zao. Sasa tuzipime moja baada ya nyingine.

1. Mbao unayoisugua ni picha

Mkeka huu ni plastiki ya PVC iliyotandazwa kwa matabaka. Chini kuna tabaka la kubeba uzito. Juu yake kuna karatasi au utando uliochapishwa picha ya mbao. Juu ya picha kuna plastiki angavu ya kuikinga, na mara nyingi kipako chembamba sana cha kumalizia. Uhai wote wa sakafu umo katika kinga hiyo ya juu. Kwenye mikeka iliyotengenezwa kwa maduka na ofisi, kinga hufikia nusu milimita. Kwenye mikeka ya bei ya chini, inayotandikwa katika vyumba vingi vya kupanga, huwa sehemu ya kumi ya milimita au hata pungufu.

Mchongaji wa Wamunyu, mwendo mfupi kutoka Masii, akiona doa kwenye kinyago cha muhugu huchukua msasa akapiga. Chini ya mbao iliyochafuka atakuta mbao nyingine. Anayepiga msasa mkeka wa mbao atakuta nini chini ya ile picha? Plastiki nyeupe au ya kijivu, na hapo hakuna sabuni wala fundi wa kuirudisha picha iliyoondoka. Yale mabaka meupe mlangoni na mbele ya jiko, ambayo watu huyaita madoa sugu, mara nyingi ni mahali ambapo picha imekwisha. Kila anayeyasugua zaidi anayapanua.

2. Ukisugua zaidi, uchafu huongezeka

Huu ndio mkanganyiko ambao watetezi wa waya hawajaueleza. Kama nguvu ndiyo dawa, mbona sakafu iliyosuguliwa kwa waya mwezi uliopita ndiyo inayochafuka upesi mwezi huu?

Ukambani ni nchi ya mchanga. Mchanga wa mito yetu hubebwa kwa malori kwenda kujenga Nairobi, na vumbi lake huingia chini ya kila mlango. Chembe zake nyingi ni za kwazi, madini magumu kuliko kisu cha kawaida cha jikoni, sembuse plastiki laini. Mtu anapomwaga maji kabla ya kufagia, kisha akasugua, anaikwaruza sakafu kwa mchanga aliousukuma yeye mwenyewe. Akiongeza sabuni ya unga yenye chembe za kusugulia, anazidisha. Akimalizia na waya, kinga ya juu imejaa mifereji ambayo jicho haliioni lakini udongo mwekundu unaiona. Mvua za vuli za Novemba zikinyesha, matope hukaa ndani ya mifereji hiyo na sakafu nzima hubadilika rangi.

Hapo mama husema mkeka huu ni wa kushika uchafu. Mkeka ulipotoka dukani haukuwa unashika uchafu. Umefunzwa kuushika, na waliomshauri mama achukue waya ndio walioufunza.

3. Dawa moja haiwezi kutibu madoa yote

Wanasema Jik hutoa kila kitu. Jik ni maji yenye sodiamu haipokloraiti, kiasi cha asilimia 3 hadi 4. Kazi yake ni kuvunja rangi za viumbe hai, kama za matunda, ukungu na chai, na kuua vijidudu. Nje ya hapo haina uwezo, na mahali pengine huzidisha tatizo.

Chukua kutu. Mtungi wa gesi wa kilo 6 ukikaa kwenye unyevu huacha duara la rangi ya chungwa. Kutu ni chuma kilichounganika na oksijeni, na Jik kazi yake ni kuoksidisha. Ukiimwaga juu ya kutu, chuma kilichokuwa bado kinayeyuka ndani ya maji hugeuka kutu pia na kutulia palepale. Duara lililokuwa litoke kwa maji ya limau sasa limekaa.

Chukua ule utando mweupe unaorudi kila baada ya kupiga deki. Visima vingi vya Ukambani vina maji ya chumvichumvi na chokaa. Sabuni ya kipande ikikutana na maji hayo huganda na kuacha utando. Mtu anauona, anadhani ni uchafu, anaongeza sabuni, na utando unaongezeka. Jik haiugusi. Siki iliyochanganywa na maji mengi, kisha maji safi, huutoa mara moja.

Chukua wino wa kalamu, rangi ya kucha na rangi ya nywele. Hapa watu hukimbilia thina, petroli, mafuta taa au asetoni. Mwaka 1926 Waldo Semon, mkemia wa kampuni ya B.F. Goodrich ya Marekani, aligundua kuwa PVC, ambayo kwa asili ni ngumu, hulainika ikichanganywa na vimiminika fulani. Mpaka leo mikeka hukunjika bila kupasuka kwa sababu ya vimiminika hivyo vya kulainisha vilivyomo ndani yake. Thina na jamaa zake huvinyonya. Pale ulipopaka hulegea na kunata kwanza, kisha hukauka na kuwa gumu, na baada ya miezi hupasuka. Doa la wino lilikuwa na upana wa kidole, na sasa una ufa.

Kuhusu Harpic, hiyo imetengenezwa kwa asidi ili iyeyushe mawe ya mkojo kwenye choo cha kauri. Kauri huchomwa katika tanuri kwa joto kali na asidi hiyo haiwezi kuila. Plastiki iliyochapishwa picha na kugandishwa kwa gundi ni kitu kingine kabisa, na asidi ikipenya kwenye maungio hufikia saruji iliyo chini na kuanza kuila.

4. Yapo madoa yasiyokuwa juu ya sakafu

Hoja kwamba kila doa hutoka inadhani kila doa limekaa juu. Matatu makubwa katika nyumba zetu hayakai juu.

La kwanza ni la mpira. Vijana wengi wa bodaboda huingiza pikipiki sebuleni usiku kwa kuogopa wezi, na katika nyumba nyingi mlango una zulia dogo lenye mgongo wa mpira. Viwandani mpira hutiwa kemikali za kuuzuia usipasuke kwa jua na hewa. Kemikali hizo husafiri kutoka kwenye gurudumu au zulia, huingia ndani ya plastiki, na kuigeuza rangi ya manjano au kahawia. Rangi hiyo imo ndani ya plastiki yenyewe. Sugua usiku kucha, utaisafisha sakafu yote isipokuwa hapo.

La pili ni la moto. PVC huanza kulegea kwenye joto ambalo halijafikia hata la maji yanayochemka. Sufuria ya isyo (githeri) iliyotoka kwenye makaa, ikitua sakafuni kwa dakika moja, huacha duara la kahawia. Plastiki imeungua. Kuitia dawa mahali palipoungua hakurudishi kilichoungua.

La tatu, na ndilo linalonikera zaidi, ni la unyevu. Ploti nyingi humaliziwa kwa haraka. Saruji humwagwa bila karatasi ya nailoni ya kuzuia unyevu kutoka ardhini, na mkeka hutandikwa kabla saruji haijakauka, ilhali slabu ya kawaida huhitaji miezi kadhaa kukauka hadi ndani. Maji hayawezi kutoka kwa sababu plastiki imefunika. Ukungu na vijidudu hukua kati ya gundi na mkeka, na rangi zao, nyeusi, zambarau au waridi, hupanda hadi juu. Mpangaji huamka akakuta baka ambalo hakulimwaga. Hulisugua, hurudi. Hulitia Jik, hurudi. Mzizi wake uko chini, mahali ambapo tambara lake halitafika kamwe, na aliyeuacha hapo ni mjenzi.

5. Gharama ya kwanza hulipwa na mapafu

Dawa ikishindwa, imani hii haina jibu lingine ila kuongeza nyingine juu yake. Hapo ndipo inapogeuka hatari kwa maisha.

Jik ikikutana na asidi ya dawa ya choo hutoa gesi ya klorini. Tarehe 22 Aprili 1915, karibu na mji wa Ypres nchini Ubelgiji, jeshi la Ujerumani lilifungua mitungi ya gesi hiyohiyo ili kuwaua askari waliokuwa mahandakini. Kiasi kinachotoka kwenye ndoo ni kidogo, lakini chumba nacho ni kidogo: mita tatu kwa tatu, dirisha moja, mlango umefungwa ili vumbi lisiingie, na mtu amepiga magoti uso wake ukiwa karibu na sakafu. Klorini ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hulala chini, hapohapo alipo yeye na hapohapo anapotambaa mtoto. Jik na dawa zenye amonia pia hutoa gesi ya kuwasha mapafu.

Mafuta taa yana hatari yake. Hutunzwa kwenye chupa za soda, na ni miongoni mwa sumu zinazowafikisha watoto wadogo hospitalini mara nyingi katika nchi yetu. Kila chupa inayohifadhiwa kwa ajili ya madoa ni chupa ambayo mtoto anaweza kuikuta. Anayemwambia mwenzake apake mafuta taa sakafuni na kulala humo na watoto huku jiko la makaa likiwaka amemshauri vibaya, hata kama doa litatoka.

6. Dawa kali haipunguzi maji

Hoja ya maji ina uzito Ukambani, nami ninaiheshimu. Lakini hesabu yake ni ya kinyume. Dawa kali ndiyo inayodai kusuuzwa mara nyingi. Isiposuuzwa hubaki utando unaonata, vumbi hushika juu yake, na kesho mtu huanza upya. Doa likifutwa papo hapo, maji yanayohitajika hayajazi kikombe. Likiachwa mpaka Jumamosi lingojee Jik, litadai ndoo. Kinachookoa maji katika nyumba ya Masii ni tambara lililo karibu na ufagio unaotangulia maji.

7. Lawama inapelekwa nyumba isiyo yake

Gharama hii ya mwisho haiandikwi kwenye chupa yoyote. Ukiamini kwamba kila doa hutoka, basi kila doa lililobaki lina mhalifu. Mhalifu huyo ni nani? Ni msichana wa kazi anayeambiwa hajui kusafisha, na pengine kukatwa mshahara kwa baka lililopanda kutoka kwenye saruji mbichi. Ni mama anayesemwa na wakwe. Ni mpangaji anayehama na kuambiwa dipoziti haitarudi kwa sababu ameharibu sakafu.

Angalia mwenye nyumba anavyofaidika. Alinunua mkeka wenye kinga nyembamba kuliko yote, akautandika juu ya unyevu, na umechakaa kama ilivyotarajiwa. Imani kwamba doa ni uvivu inamruhusu kununua mkeka mpya kwa pesa za mpangaji. Sheria haimpi ruhusa hiyo. Miongoni mwa masharti ambayo Sheria ya Ardhi ya 2012 huyaingiza katika mikataba ya upangaji ni kwamba mpangaji halazimiki kurekebisha uchakavu unaotokana na matumizi ya kawaida. Baraza la kodi za nyumba chini ya Sura ya 296 ya Sheria za Kenya huhudumia nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango kilichoachwa nyuma na kodi za leo, lakini Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Mpangaji aliyepiga picha za sakafu siku ya kuingia na siku ya kutoka ana cha kuonyesha.

8. "Lakini mimi nilitia Jik na likatoka"

Ninajua watasema hivyo, na wengine wanasema kweli. Rangi ya juisi ya embe, chai au ukungu wa juujuu huweza kufifia kwa Jik. Swali ni kilichotokea baadaye. Jik nzito iliyoachwa juu ya mkeka hufifisha picha pamoja na doa, kisha huacha baka jeupe lisilong'aa ambalo mwenye mkeka hulizoea mpaka akaliita safi. Ushahidi wa siku moja hautoshi kwa kitu kilichonunuliwa kidumu miaka.

Wengine watasema bila Jik hakuna usafi, na kwamba magonjwa yapo. Kuua vijidudu kuna mahali pake: mgonjwa ametapika, mtoto anaharisha. Hata hapo Jik huchanganywa na maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na hutumika baada ya uchafu kuoshwa, kwa sababu uchafu huimaliza nguvu kabla haijafika kwa kijidudu. Kuimwaga nzima juu ya matope ni kuipoteza.

Tufanye nini basi

Kwanza fagia, kila mara, kabla ya tone la maji. Kisha maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kiasi kidogo, na tambara laini. Yapumzishe juu ya doa dakika chache, maana muda hufanya kazi ambayo watu huiachia misuli. Futa, suuza, kausha. Madoa mengi ya nyumbani huishia hapo.

Lililobaki, litambue kabla ya kulitibu. Wino hutolewa kwa pamba yenye spiriti kidogo, kwa kugusagusa, kisha suuza. Kutu hutolewa kwa limau, na chokaa kwa siki iliyozimuliwa. Nta na chingamu hugandishwa kwa barafu na kubanduliwa kwa ukingo wa plastiki. Manjano ya mchuzi, ukishaosha mafuta yake, yaachie mwanga wa jua upite dirishani siku kadhaa, kwani rangi yake huvunjwa na mwanga. Chochote utakachotumia, kijaribu kwanza chini ya kitanda. Usichanganye dawa mbili hata siku moja.

Penye moto, mpira au unyevu, acha kusugua. Palipoungua, fundi hukata kipande na kubandika kingine cha mkeka uleule, kwa hiyo dai mabaki siku ya kutandikiwa. Pikipiki iwekewe ubao chini ya magurudumu, zulia la mlangoni liwe la kitambaa au katani. Penye unyevu, mwite mwenye nyumba, onyesha picha zenye tarehe, na ukatae kulipia kosa la ujenzi.

Wauzaji nao wana deni. Mteja huambiwa unene wa mkeka wote, ambao sehemu kubwa ni mgongo tu. Aambiwe unene wa kinga ya juu, kwani huo ndio anaoulipia. Na wenye ploti wangojee saruji ikauke.

Tusipobadilika, mikeka itaendelea kubanduliwa kabla ya wakati wake na kuishia kwenye shimo la taka nyuma ya ploti, ambako huchomwa. PVC ikichomwa hutoa asidi ya hidrokloriki na dayoksini, sumu ambayo Mkataba wa Stockholm wa 2001 uliwekwa kuidhibiti, na moshi wake huvutwa na majirani wote, aliyesugua na asiyesugua. Familia iliyonunua mkeka kwa akiba ya mwaka ina haki ya kuutumia miaka mingi. Inahitaji sabuni kidogo, subira, na majirani wasioiambia kwamba ni vivu kila wanapoona doa.